Falme za Mezani: Asia na Ulaya katika Michezo Yetu na Maneno Yake

Makala haya yanahusu jambo ambalo wengi wetu tunalipita kila siku bila kulitazama. Ukishuka kilima cha Kibuli jioni kutoka upande wa msikiti, utawakuta vijana wa bodaboda wameinamia ubao wa ludo. Mbele kidogo wapo wanaocheza karata, na wengine mweso. Mwanafunzi anayerudi nyumbani ana simu mkononi, na ndani ya simu kuna ngome, majoka na mashujaa wenye panga ndefu. Michezo yote hii ina kitu kimoja cha pamoja: kila mmoja ni ulimwengu wa kubuni, wenye wakubwa wake, mipaka yake, nyumba zake na sheria zake. Ulimwengu huo haupo popote ila katika fikra za wachezaji, na mchezo ukiisha nao umekwisha.

Hata hivyo, ulimwengu wa kubuni hubuniwa na watu halisi, na watu hao huacha alama zao ndani yake. Swali ninalotaka tulijadili, ndugu msomaji, ni hili: Asia na Ulaya zimeacha alama gani katika falme hizi za mezani zilizotufikia, na Kiswahili kilipozipokea kilifanya nini? Jibu la swali hili si la historia tu. Linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili wa Uganda moja kwa moja, kama tutakavyoona mwishoni.

Sataranji: tembo aliyevaa joho la askofu

Tuanze na mchezo unaojulikana zaidi duniani. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba sataranji ilianzia Bara Hindi, yapata karne ya 6. Katika Kisanskriti iliitwa chaturanga, yaani viungo vinne, na viungo hivyo vilikuwa vikosi vinne vya jeshi la Kihindi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Kati yao alikaa mfalme pamoja na mshauri wake. Mchezo ulipofika Uajemi ukaitwa chatrang. Waarabu walipouchukua kutoka kwa Waajemi wakauita shatranj, na kwa Waarabu ndiko Kiswahili kilikopata neno sataranji. Kamusi zetu za zamani zinataja pia neno kitunda kwa kete ya sataranji. Hili ni neno la kwetu kabisa, tunda dogo.

Kutoka kwa Waarabu mchezo uliingia Ulaya kwa njia ya Hispania na Sisili, na huko ukavishwa nguo mpya. Mshauri wa mfalme, ambaye Waarabu walimwita firz au waziri, akageuzwa malkia. Mwishoni mwa karne ya 15, huko Hispania na Italia, malkia huyo akapewa uwezo wa kwenda mbali kila upande, akawa kete yenye nguvu kuliko zote. Gari la vita likageuka ngome. Kilichopata misukosuko zaidi ni tembo. Ulaya haikuwa na tembo, na watu hawakuelewa ile kete yenye ncha mbili, ambazo zilikuwa pembe zake. Waingereza wakaiona kama kofia ya askofu, wakaiita askofu. Wafaransa wakaiita mchekeshaji wa mfalme. Wajerumani wakaiita mkimbiaji. Warusi ndio waliobaki na jina la asili: kwao kete hiyo ni tembo mpaka leo.

Sasa tazama kilichotokea kwetu. Sisi tunaoishi katika nchi yenye tembo wa kweli, kuanzia Murchison hadi Kasese, tulifundishwa mchezo huu shuleni kwa Kiingereza. Kwa hiyo tembo aliyetoka Bara Hindi, akapita Uajemi na Uarabuni, alipotufikia Kampala kwa njia ya London alikuwa amekwisha kuvaa joho la askofu. Nasi tunapotafsiri kwa Kiswahili tunaandika "askofu" bila kufikiri. Hatujakosea, kwani ndilo jina linalosikika. Lakini tuelewe kwamba hapo hatujautafsiri mchezo. Tumetafsiri namna Waingereza walivyouona.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Mwaka 2012 kilitoka kitabu cha Tim Crothers kumhusu Phiona Mutesi, binti wa Katwe aliyefundishwa sataranji na Robert Katende na akaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya mchezo huo mwaka 2010. Mwaka 2016 ikafuata filamu ya Mira Nair, na kwa jina lake, Queen of Katwe, dunia ikamjua Malkia wa Katwe. Jina hilo linategemea mageuzi ya Ulaya. Laiti mchezo ungetufikia moja kwa moja kutoka Uarabuni, kete ile kuu ingekuwa waziri, na Mganda yeyote angejua kwamba waziri mkuu wa Kabaka huitwa Katikkiro. Tungekuwa na filamu ya "Katikkiro wa Katwe". Msomaji acheke, lakini baada ya kucheka aone jinsi jina moja linavyobeba njia nzima ya safari.

Karata: kopa si moyo

Katika karata historia imejificha zaidi, na hapo Kiswahili ni shahidi mzuri kuliko lugha nyingi. Najua wapo wazee wetu wasioipenda karata kwa sababu ya kamari, na wana haki yao. Hapa hatuzungumzii kamari bali maneno.

Neno karata lenyewe ni la Kireno, carta. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593, na Waomani wakaitwaa ngome hiyo mwaka 1698. Wanafunzi wetu hukariri maneno machache yaliyobaki kutoka kipindi hicho: meza, bendera, leso, gereza, mvinyo. Mara nyingi hatuwaambii kwamba mchezo wa karata ulituachia kundi zima la maneno ya Kireno lililokaa pamoja: kopa, uru, shupaza, pao na turufu.

Tuyachambue. Kwa Kireno copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, espadas ni panga na paus ni magongo. Lakini tazama picha iliyo juu ya karata tunayoiita kopa: ni moyo, si kikombe. Ile ya uru haina sarafu ya dhahabu, na ile ya shupaza haina upanga. Kwa nini? Ni kwa sababu picha tunazoziona leo zilibuniwa Ufaransa katika karne ya 15 na zikaenea duniani kwa kuwa zilikuwa rahisi kuchapwa, hali majina ya Kireno yalibaki yale ya picha za zamani. Mswahili anapoangusha karata yenye moyo na kusema "kopa", mkono wake uko Ufaransa na ulimi wake uko Ureno.

Wala safari haiishii Ureno. Katika jumba la makumbusho la Topkapi mjini Istanbul zimehifadhiwa karata za Misri ya zama za Wamamluki. Zina makundi manne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo, mchezo wa kupiga mpira juu ya farasi. Watu wa Ulaya, ambao wakati huo hawakuufahamu mchezo wa polo, waliziona fimbo hizo kama magongo tu. Kwa hiyo pao yetu ilikuwa fimbo ya polo. Nyuma zaidi ya Misri wataalamu wengi huitafuta asili ya karata Uchina. Katika karata hizo za Misri kulikuwa na mfalme, naibu wake na naibu wa pili. Neno ni lile lile naibu tunalolitumia tunaposema naibu spika au naibu mkuu wa chuo. Kutokana na neno hilo Wahispania walipata naipes, jina lao la karata.

Karata za Wamamluki hazikuwa na sura za watu. Vyeo viliandikwa kwa maneno tu. Ulaya ndiyo iliyochora sura: mfalme mwenye ndevu, bibi mwenye ua, kijana wa kazi. Picha hizo zilipofika pwani yetu, Waswahili hawakuziita mfalme na malkia. Kamusi za zamani zinatuonyesha kwamba waliziita wazungu: mzungu wa nne ndiye mfalme, mzungu wa tatu ndiye kijana, mzungu wa pili ndiye bibi.

Kwa mara ya kwanza majina haya yanashangaza. Kwa nini bibi awe wa mwisho, na kwa nini hesabu iwe nne, tatu, mbili? Jibu linapatikana katika michezo ya Kireno kama bisca na sueca. Ndani ya michezo hiyo ree ina alama 11, saba ina alama 10, mfalme 4, kijana 3 na bibi 2. Saba yenyewe kwa Kiswahili cha karata huitwa seti, kutokana na sete ya Kireno. Mwanafunzi akijumlisha alama za kundi moja atapata 30. Kwa makundi manne ni 120. Anayetaka kushinda lazima apite nusu, yaani apate 61. Na mchezo maarufu wa karata wa pwani uliitwaje? Wahedi wa sitini, yaani sitini na moja kwa Kiarabu! Hivyo basi, katika mchezo mmoja tuna makundi ya Misri, picha za Ufaransa, alama za Ureno, hesabu kwa Kiarabu, na jina la mzungu kutoka kinywani mwa Mswahili mwenyewe.

Nisisitize neno hilo la mwisho. Wapo watakaosema mzungu hapa ni mtu wa Ulaya tu, na wapo watakaokumbuka kwamba neno hili lina ukoo na mizungu, yaani mambo ya ajabu na ya werevu. Kwa vyovyote vile, Mswahili aliitazama sura iliyochorwa na mgeni, akaipa jina kwa jicho lake mwenyewe. Hakungoja kuambiwa.

Ludo, na simbi zilizopotea njiani

Ludo ni ya mitaa yetu zaidi kuliko sataranji. Jina lake ni la Kilatini, maana yake "nacheza". Mwaka 1891 Mwingereza Alfred Collier aliusajili mchezo huo kwao, lakini hakuubuni kutoka patupu. Aliutoa katika pachisi ya Bara Hindi, mchezo wa ubao wenye umbo la msalaba, rangi nne na kete zinazozunguka hadi kufika nyumbani. Pachisi maana yake ni ishirini na tano, nambari kubwa iliyoweza kupatikana kwa mtupo mmoja. Kilichotupwa ni makombe madogo ya baharini, kauri. Uingereza iliyaondoa makombe hayo na kuweka dadu.

Hapa Mganda atastuka kidogo, kwa maana kauri tunazijua. Kwa Kiswahili huitwa pia simbi, na ndizo ensimbi za Kiganda, zilizokuwa fedha ya Buganda na ambazo jina lake bado ni la fedha, ingawa leo tunalipa kwa noti. Kwa hiyo ludo ilitufikia ikiwa imevuliwa kitu ambacho kingetufanya tuitambue kuwa jamaa. Mchezo wa nyoka na ngazi nao ulisafiri njia hiyo hiyo. Kwa Wahindi ulikuwa ubao wa mafunzo ya dini, ngazi zikiwa matendo mema na nyoka wakiwa dhambi. Waingereza waliugeuza mchezo wa watoto mwishoni mwa karne ya 19, na kwetu ukaja ukiwa hivyo.

Nyumba isiyo na mfalme

Isidhaniwe kwamba sisi tulikuwa wapokeaji tu. Mweso wa Buganda na bao la kiswahili ni ndugu: mashimo 32, mbegu 64, wachezaji wawili, na hesabu za kichwani zinazomtoa jasho hata mwalimu wa hisabati. Waganda huziita mbegu empiki. Waswahili huziita kete, na mara nyingi hutumia komwe.

Tuyatazame maneno ya bao: nyumba, kichwa, kunamua, mtaji, kutakata. Hakuna mfalme, hakuna malkia, hakuna askari, hakuna ngome. Kuna nyumba ya kulindwa na mtaji wa kuutumia vizuri. Mbegu zote ni sawa, na mbegu iliyotekwa haifi bali huhamia upande wa pili na kuendelea na kazi. Sataranji ilichukua sura ya jeshi la Kihindi na kuishia katika baraza la Ulaya. Bao lina sura ya nyumba na mali. Mwanafunzi akiulizwa ulimwengu wa kubuni wa Kiafrika unafananaje, asikimbilie sinema. Aanze na ubao huu.

Falme za kwenye kioo

Tuje kwenye simu ya yule mwanafunzi. Michezo ya kinjozi ya kompyuta ina wazazi wanaojulikana. J.R.R. Tolkien alikuwa mwalimu wa lugha huko Oxford. Katika hadithi zake, zikiwemo zile tatu za mwaka 1954 na 1955, alitumia Kiingereza cha kale, ngano za Skandinavia, na sauti za Kifini na Kiwelshi. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliochota mengi kutoka katika hadithi za namna hiyo. Wajapani wakaupokea mtindo huo: Dragon Quest ilitoka mwaka 1986 na Final Fantasy mwaka 1987, zikiwa na ngome za Ulaya zilizochorwa kwa mkono wa Kijapani. Mwaka 2020 kampuni ya Kichina miHoYo ikatoa Genshin Impact. Ndani yake nchi moja ina sura ya Ujerumani, nyingine ya Uchina, nyingine ya Japani.

Afrika nayo iko wapi? Mwaka 2024 mchezo huo uliongezewa nchi iitwayo Natlan, iliyochota majina na ngano kutoka Afrika, kwa wenyeji wa Amerika na visiwa vya Pasifiki. Wachezaji wengi walilalamika kwamba wahusika wake walikuwa na ngozi nyeupe mno kwa watu wenye asili hizo. Kwa upande mwingine, mwaka 2016 vijana wa Kiro'o Games wa Yaoundé, Kamerun, walitoa mchezo wao Aurion, ulimwengu wa kinjozi uliojengwa juu ya utamaduni wa Kiafrika na Waafrika wenyewe.

Kiswahili nacho kimeingia, tena kwa mlango wa mbele. Wimbo wa kufungulia mchezo wa Civilization IV wa mwaka 2005, uliotungwa na Christopher Tin wa Marekani, unaitwa "Baba Yetu" na maneno yake ni ya Kiswahili. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, ukiwa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kufanya hivyo. Mamilioni ya watu wameisikia lugha yetu kwa njia hiyo bila kujua inazungumzwa wapi.

Tunajifunza nini?

Uganda imekitangaza Kiswahili mara nyingi. Mwaka 1973 Idi Amin alikifanya lugha ya taifa kwa amri. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yakakifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo kila mwalimu aliyesimama darasani hapa anajua kikwazo chetu. Kwa Waganda wengi Kiswahili kimebeba harufu ya kambi na amri. Hapa Kibuli penye chuo cha polisi tunalielewa vizuri. Lugha inayosikika katika paredi na chumba cha mtihani pekee huheshimiwa kwa woga, haipendwi.

Lakini ipo sehemu moja ambapo Kiswahili kiliingia bila amri. Mchezo wa karata unaochezwa zaidi na vijana wa Uganda unaitwa matatu. Hakuna waziri aliyeupa jina hilo. Wanaoucheza hawajihesabu kuwa wasemaji wa Kiswahili, na bado neno letu liko vinywani mwao kila jioni, wakicheka.

Historia niliyoieleza inatuonyesha njia tatu ambazo lugha huweza kufuata mbele ya ulimwengu wa kubuni wa wengine. Ya kwanza ni ya kopa na turufu: kulichukua neno la mgeni na kulilainisha mpaka likae vizuri kinywani. Ya pili ni ya mzungu wa nne na kitunda: kukitazama kitu na kukipa jina letu. Ya tatu ni kunyamaza na kuwaachia wengine waseme. Mababu walitumia mbili za kwanza kwa pamoja, bila haya. Sisi tunaelekea kutumia ya tatu.

Mwaka jana niliwaomba wanafunzi wangu wanisimulie kwa Kiswahili mchezo wanaoupenda kwenye simu. Mwanzoni kila neno la tatu lilikuwa Kiingereza. Baada ya saa moja ya kubishana walikuwa na joka, zimwi, ngao, upanga, ngome, mganga, ngazi ya pili na maisha matatu, na mmoja akapendekeza "mzungu wa mwisho" kwa adui mkuu anayemsubiri mchezaji mwishoni. Darasa liliangua kicheko, lakini jina hilo ni zuri, na lina ukoo wa karne kadhaa ambao yeye hakuujua.

Nawaomba walimu wenzangu wajaribu zoezi hilo katika madarasa yao. Mwanafunzi aeleze sataranji kwa Kiswahili na aamue, kwa hoja, kama kete ile ni askofu au tembo. Afundishwe karata akiambiwa maana ya kopa. Aulize babu au bibi yake majina ya mweso na kuyalinganisha na ya bao. Maneno watakayoyakusanya yaletwe idarani, ili tuanze orodha yetu wenyewe ya istilahi za michezo. Mtihani utakuja kwa wakati wake. Kabla ya hapo, tukipe Kiswahili nafasi ya kucheza.